Mwewe Asiye na Jina: Hisani, Biashara na Usimulizi katika Katuni za Shujaaz

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza maswali mawili kuhusu kazi yoyote: nani ameiandika, na ameiandika kwa ajili ya nani. Swali la tatu, la nani ameilipia, huachiwa wahasibu na wanauchumi. Kwa riwaya inayouzwa dukani huenda hilo lisiwe na madhara makubwa, kwa kuwa anayesoma ndiye anayelipa. Lakini ipo fasihi inayosomwa na maelfu ya vijana bila wao kutoa hata senti moja. Katika fasihi ya namna hiyo swali la tatu haliwezi kuepukwa, kwa sababu jibu lake limo ndani ya hadithi yenyewe.

Mfano unaojadiliwa hapa ni jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2010. Mchapishaji wake wa mwanzo alikuwa Well Told Story, kampuni ya Nairobi iliyoanzishwa na Rob Burnet, ambaye awali alifanya kazi katika Wakfu wa Ford. Jarida liliandikwa kwa Sheng, likagawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na katika vibanda vya M-Pesa, na katika miaka yake ya mwanzo lilichapishwa kwa nakala zaidi ya 500,000 kila mwezi. Hadithi zake zilisikika pia redioni, na baadaye zikahamia katika mitandao ya kijamii. Mwaka 2012, na tena mwaka 2014, kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy. Ni vigumu kupata chapisho jingine la kubuni la Afrika Mashariki lililowafikia vijana wengi kiasi hicho kwa wakati mmoja, na bado wahakiki wetu wamelipita kana kwamba ni tangazo la sabuni.

Ikumbukwe kwamba mchapishaji huyu ni kampuni. Kazi inayofanywa na jarida, yaani kumpa kijana maarifa ya kilimo, fedha, afya ya uzazi na haki za raia, ni ile ambayo kwa kawaida hufanywa na mashirika ya hisani. Fedha zake pia zimetoka kwa sehemu kubwa katika mifuko hiyohiyo: mashirika ya misaada ya nchi za nje, na wakfu kama ule wa Gates, pamoja na makampuni yanayotaka kuwafikia vijana, Safaricom ikiwamo. Huu ndio muundo unaoitwa siku hizi biashara ya kijamii: lengo ni la hisani, uendeshaji ni wa kibiashara. Makala haya hayana ugomvi na muundo huo. Yanachodai ni kwamba muundo huo umeacha alama katika ploti, na kwamba alama hiyo inaonekana wazi zaidi pale tunapomtafuta mhusika pinzani.

Tuanze na mhusika mkuu. Boyie ni kijana aliyemaliza shule ya sekondari, hana kazi, anaishi kwa wazazi wake. Chumbani mwake amejiundia mtambo wa redio, na kwa jina la DJ B anaingilia masafa ya FM na kuzungumza na vijana wa nchi nzima. Hakuna anayejua kwamba sauti ile maarufu ni ya yule kijana wa jirani anayeonekana kukaa bure. Pamoja naye wapo Maria Kim, Malkia na Charlie Pele, kila mmoja na mkondo wake wa hadithi, lakini uzi unaowaunganisha ni redio ya Boyie.

Kwa mtazamo wa usimulizi, huu ni ubunifu wenye nguvu. Siri inaleta taharuki ya kudumu, kwa sababu msomaji anajua jambo ambalo mama yake Boyie halijui. Kejeli ya kidrama inapatikana bila jitihada kila mzazi anapomlaumu mwanawe kwa uvivu. Muhimu zaidi, Boyie ni mvunja sheria. Anachokifanya ni uharamia wa masafa, na dola ikimkamata itamfunga. Mwandishi aliyebuni hali hii aliweka mgogoro wa kisiasa katika msingi wa hadithi tangu ukurasa wa kwanza: kijana asiye na kitu ananyakua hewa ya taifa ili aseme.

Hapa ndipo swali la nani ameilipia linapoingia. Katika maisha ya nje ya katuni, kipindi cha DJ B kilirushwa na vituo kadhaa vya FM vyenye leseni, kwa makubaliano na kwa ratiba. Haramia wa hadithi alikuwa na kibali. Sisemi hivyo kwa kubeza. Hakuna kampuni makini ambayo ingefanya vinginevyo. Lakini matokeo yake kifasihi ni kwamba uasi wa Boyie umebaki kuwa vazi. Tunaambiwa ni mtu wa hatari, ilhali anayoyasema hewani, yaani namna ya kufuga, kuweka akiba na kujikinga na maradhi, ni maneno ambayo hayangemtia ofisa yeyote wa serikali wasiwasi. Masafa yameibwa, ujumbe umeidhinishwa.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakuwa amekwisha kulitambua umbo hili, kwa maana tumelilea wenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala aliipa ngonjera nafasi kubwa katika ushairi wa Tanzania, na kupitia chama cha UKUTA ngonjera zikaenea shuleni. Muundo wake unajulikana: wahusika wawili wanabishana kwa beti, mmoja hajaelewa jambo, mwingine amelielewa, na mwisho asiyeelewa anakubali. Tofauti ya mawazo haitokani na tofauti ya maslahi. Asiyekubali bado hajafafanuliwa vya kutosha, basi. Penina Mlama, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu sanaa za maonyesho za umma na maendeleo, alikwisha kuonyesha udhaifu wa sanaa inayoletewa watu ujumbe uliotayarishwa kwingine badala ya kutokana na uchambuzi wao wenyewe wa hali zao. Shujaaz ni mrithi wa ngonjera kwa mkondo huu, ingawa sijaona mahali ambapo undugu huo umetajwa. Mlezi wa ngonjera alikuwa chama na serikali. Mlezi wa katuni hii ni mfadhili na kampuni. Mlezi amebadilika, na imani kwamba tatizo la kijana ni kutokujua imebaki palepale.

Kisa kinachoonyesha haya kwa uzuri wa pekee ni kile cha vifaranga wa zambarau. Wafugaji wa kuku wa kienyeji hupoteza vifaranga kwa mwewe. Katuni ikapendekeza dawa: vifaranga wapakwe rangi ya zambarau, kwa kuwa mwewe asiyewahi kuona chakula cha rangi hiyo hatawatambua. Kisa kilipendwa, kikasimuliwa sana hata nje ya Kenya. Ni rahisi kuona sababu. Kinachekesha, ni cha kuonekana kwa macho, na picha ya kundi la vifaranga wa zambarau katika uwanja wa vumbi haisahauliki. Kwa hakika naiona kuwa taswira bora kuliko zote katika jarida hili, na wahakiki wanaoidharau katuni wangefanya vyema kuitazama mara ya pili.

Tuitazame basi. Kifaranga anayejificha ndani ya rangi ni Boyie mwenyewe, aliyejificha ndani ya jina la DJ B. Wote wawili wanaokoka kwa kutotambuliwa. Taswira inaungana na ploti kuu kwa namna ambayo huenda hata waandishi hawakuikusudia, na hapo hadithi imekuwa fasihi kamili. Lakini tazama pia kilichobadilishwa. Aliyepakwa rangi ni kifaranga. Mwewe yuko angani vilevile, mwenye njaa ileile, na hadithi haina la kusema juu yake. Katika ufugaji hilo ni sawa, mwewe ni mwewe. Katika kisa cha kijana asiye na kazi, mwewe ana uso. Anaweza kuwa dalali anayenunua mazao kwa bei ya kutupa, ama askari anayevuruga biashara ndogo za barabarani, ama mwajiri anayedai uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya kufagia. Mwelekeo wa jarida ni kumfundisha kijana kujipaka rangi. Hadithi ya aina hii inaweza kuwa na mashujaa wengi kama jina lake linavyoahidi, lakini shujaa bila mpinzani anabaki kuwa mwanafunzi mwenye bidii.

Inaweza kudaiwa kwamba katuni ni fani nyepesi, na kuitaka ibebe migogoro ya kitabaka ni kuionea. Historia ya fani yenyewe haikubaliani na dai hilo. Chakubanga wa Christian Gregory, katika gazeti la Uhuru, na Juha Kalulu wa Edward Gitau, katika Taifa Leo, waliishi miaka mingi kwa kuonyesha ujinga na ujanja wa watu bila kulazimika kuwarekebisha. Katika jarida la Sani, wahusika kama Lodi Lofa na Ndumilakuwili walikuwa huru kushindwa. Lodi Lofa hakudaiwa ajifunze chochote ifikapo picha ya mwisho. Aliruhusiwa kubaki lofa, na kicheko cha msomaji kilikuwa na uchungu wa kujitambua. Mnunuzi wa Sani alitoa fedha zake kibandani. Kama hakufurahishwa, mwezi uliofuata hakununua, na huo ndio ulikuwa uhakiki wake. Msomaji wa Shujaaz hawezi kuhakiki kwa njia hiyo. Anaweza kulitupa jarida, lakini mlipaji ni mwingine, na mlipaji huyo anapima mafanikio kwa kuuliza kama vijana wamebadili tabia.

Kwa upande mwingine, lazima tuwe waadilifu kuhusu gharama ya njia nyingine. Kamĩrĩĩthũ, mwaka 1977, wakulima na vibarua wa Limuru walishiriki kuijenga tamthilia ya Ngaahika Ndeenda pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwewe alitajwa kwa jina, naam, na alijibu: maonyesho yalipigwa marufuku mwaka huohuo, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Shujaaz imedumu zaidi ya miaka kumi. Kijana aliyeusoma ushauri wa mikopo na akaepuka kunyang'anywa mali hana sababu ya kutujali sisi tunaolalamikia ploti. Anayetaka kuihukumu biashara ya kijamii kwa vipimo vya Kamĩrĩĩthũ hana budi kusema pia ni nani angelipa, na kwa muda gani.

Hata hivyo, kudumu kwenyewe kunaleta tatizo la kimuundo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote. Hisani kwa vijana hufanikiwa kijana anapoondoka: amepata kazi, amejitegemea, hahitaji tena kushikwa mkono. Mfululizo wa katuni hufanikiwa mhusika anapobaki. Boyie akipata ajira ya kweli na nyumba yake, siri inakwisha, chumba kinakwisha, na chombo cha kupitishia ujumbe wa mfadhili wa mwaka ujao kinakwisha pamoja navyo. Kwa hiyo mfululizo unamsukuma mhusika asogee kidogo katika kila kisa bila kufika. Katika riwaya ya makuzi, kijana hukua kwa kuvuka kizingiti. Hapa kizingiti ndicho makazi. Sina hakika kama waandishi wangeweza kuliepuka hili. Wangeweza labda kuthubutu kumkamatisha Boyie, kumfikisha mahakamani kwa kosa ambalo hadithi imekuwa ikitukumbusha tangu mwanzo kwamba ni kosa, na kumwacha hakimu amuulize alikuwa akisema nini hewani. Kisa hicho kimoja kingelazimisha jarida lijibu swali ambalo limekuwa likilikwepa.

Kuhusu Sheng nitasema machache, kwa sababu mjadala wake umejaa kelele. Wanaoishutumu Shujaaz kwa kuharibu Kiswahili hawajaisoma. Sheng hutofautiana mtaa hadi mtaa na hubadilika kabla wino haujakauka, wakati jarida la nchi nzima lilipaswa kueleweka Kisumu na Mombasa vilevile. Sheng yake basi ni Sheng iliyosanifiwa, na ipo kinaya katika hilo: lugha iliyozaliwa ili wakubwa wasielewe ikapewa wahariri. Jarida lilipovuka mpaka na kuingia Tanzania lililazimika kutafuta Kiswahili cha vijana wa huko, na ulinganisho wa matoleo hayo mawili ungefaa kuwa mada ya tasnifu nzima ya isimujamii.

Jambo ambalo halijapata mhakiki kabisa ni majibu ya wasomaji. Tangu mwanzo vijana walialikwa kumwandikia DJ B kwa ujumbe wa simu na mitandaoni, nao waliandika kwa wingi, wengi wakimwandikia kama mtu wanayemfahamu. Kwa kampuni, jumbe hizo ni mazungumzo na pia ni taarifa za utafiti: zinaonyesha vijana wanafikiri nini, na maarifa hayo yana thamani kwa walipaji. Kwa mwanafasihi ni kitu kingine. Ni maandishi ya vijana wenyewe, yasiyopitia kwa mhariri wala kwa mada ya mfadhili, na inawezekana kabisa kwamba humo ndimo mwewe anamotajwa. Anayetaka kuyasoma atalazimika kubisha hodi kwenye kampuni na kuyaomba, kwa sababu waliyoyaandika hawana nakala.