Dereva Akishuka Kunywa Chai

Mama mdogo wangu anafundisha vidudu Pangani. Jina la shule nitalihifadhi, maana nitakayoyasema kuhusu wingi wa watoto darasani hayatampendeza kila mtu. Asubuhi ile nilikuwa nimempelekea mfuko wa vizibo vya soda alioniagiza nimkusanyie Tanga mjini. Nia yangu ilikuwa niukabidhi mlangoni nikaendelee na safari zangu.

"Kaa, baba," akaniambia. "Kaa hapo jamvini, usiseme kitu."

Nikakaa mpaka karibu saa sita mchana. Kujizuia kulinishinda mara moja tu, na hiyo mara moja nitaisimulia.

Mjerumani Friedrich Fröbel alifungua shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Sisi tukawaita vidudu. Wapo wanaosema jina hilo linawadhalilisha watoto, mimi nalipenda. Ukimwona mtoto wa miaka mitano amechuchumaa mbele ya beseni, pua karibu iguse maji, mikono yote miwili imekamata kizibo kimoja, utakubali kwamba aliyelitoa jina alikuwa na macho.

Siku ilianza kama zinavyoanza zote: shikamoo ya pamoja iliyotikisa bati, marahaba, kucha zikakaguliwa, kamasi zikafutwa. Kisha wakaketi kusimuliana habari za nyumbani. Kuku wa bibi ya mmoja ameatamia mayai ya bata. Kaka wa mwingine ameng'oka jino akalitupa juu ya paa. Mtoto mmoja mwenye kandambili za rangi mbili tofauti akasema baba yake amevuka na pantoni tangu jana na hajarudi, na hapo ndipo mama mdogo alipoweka chaki chini.

Mtoto wa Pangani na pantoni ni ndugu. Mji uko upande huu wa mto, Bweni upande ule, na katikati kile chombo cha chuma kinakwenda na kurudi kutwa kikivusha watu, pikipiki na magari.

"Hivi," mama mdogo akauliza kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "pantoni ni chuma kitupu, na lori limepanda juu yake. Mbona haizami?"

Akanyamaza. Na kimya hicho ndicho ninachotaka kukisifu. Hakikuwa kimya cha mwalimu anayesubiri jibu lake mwenyewe lirudishwe kwake, kile ambacho sote tulikulia ndani yake, vidole juu, mwalimu mimi, mwalimu mimi. Mikono alikuwa ameilaza mapajani. Nilisikia ndege juu ya mkungu uani. Mimi ningekuwa nimeshajibu mara tatu.

"Kwa sababu ina dereva," akasema yule wa kandambili.

"Ahaa. Ina dereva. Na dereva akishuka kunywa chai?"

Darasa likalipuka. Izame! Haizami, imefungwa kamba! Inazama kidogo! Msichana mmoja ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa akasema, kwa sauti ya kuibia, "Imelala."

"Imelala vipi, mama?"

Akalaza kiganja chake juu ya jamvi, bapa.

Mama mdogo hakusema sawa, wala hakusema umekosea. Alileta beseni.

Kama hujawahi kuweka kizibo cha soda majini, jaribu. Kilaze kwa upole, mdomo juu, kitaelea. Kiingize kwa ubavu, kinakwenda chini moja kwa moja. Chuma ni kilekile, uzito ni uleule. Watoto walirudia jambo hilo mara nisizoweza kuhesabu, wakilowa hadi mabegani, wakileta kifuu cha nazi, jiwe, kipande cha kumbi, ndala ya mtu. Hakuna aliyetaja sheria yoyote ya fizikia. Lakini yule msichana wa kiganja alikuwa sasa anawaelekeza wenzake: "Usikisimamishe! Kilaze!"

Baada ya uji wakajenga pantoni yao. Boksi la mafuta ya kula, kamba ya katani, gundi ya unga wa ngano iliyopikwa nyumbani, rangi za mkaa uliotwangwa na bizari ya manjano. Wembe alishika mama mdogo peke yake, na alikata pale tu walipomwonyesha, hata walipomwonyesha pabaya. Mlango wa magari ukatokea umepinda kama mdomo wa mzee asiye na meno. Hapo ndipo nilipokosea. Mtoto aliyekuwa karibu yangu alihangaika kubandika bomba la moshi, likawa linaanguka, likaanguka tena, nami nikamhurumia. Nikalishika, nikalikunja upande wa chini, nikapaka gundi, likasimama wima, zuri. Aliliangalia. Akaliangalia tena. Kisha akaondoka kwenda kuchezea maji, na hakurudi kwenye pantoni siku ile.

"Umemnyang'anya," mama mdogo akaninong'oneza alipopita. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekuambia umekanyaga gundi.

Vivian Gussin Paley, aliyefundisha chekechea kwa miaka mingi Chicago na kufariki mwaka 2019, alikuwa na mazoea ya kuweka kinasa sauti darasani na kujisikiliza baadaye. Aliandika bila kujionea haya kwamba alichokisikia ni mwalimu anayewakatiza watoto, anayekimbilia jibu alilokwisha kuwa nalo. Akajifunza upya kuuliza kwa sababu kweli anataka kujua. Mtoto akimsimulia hadithi, aliiandika kama ilivyotoka, kisha darasa likaiigiza. Mama mdogo hajawahi kumsikia mama huyu. Lakini naye, chini ya kila mchoro, huandika maneno ya mwenye mchoro, hata yakiwa "hii ni pantoni imekasirika".

Ufundi huu haulipi sifa. Fundi seremala ana kabati la kuonyesha. Mwalimu wa vidudu anaulizwa daftari liko wapi. Mwaka ule mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe anarudi na mikono ya mkaa ilhali jirani yake, kule shule ya kulipia, ameshajua kuandika mpaka ishirini. Mama mdogo alimkaribisha akae jamvini. Hakukaa, alikuwa na haraka.

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, mwaka mmoja wa elimu ya awali ni wa lazima kabla ya darasa la kwanza. Ni jambo jema, na limejaza jamvi. Kiwango kinachotakiwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Siku ile nilihesabu 61, nikahesabu tena nikidhani wengine nimewarudia. Kumsubiri mtoto mmoja afikiri huku 60 wakikuvuta kanga ni kazi ambayo sijui nguvu yake anaitoa wapi. Nilimuuliza. Akasema amechoka, nimshikie beseni amwage maji.

Pantoni haikuisha. Ilikosa kibanda cha tiketi, na ugomvi wa nani awe mkata tiketi ulikuwa bado mbichi kengele ilipogongwa. Waliipandisha juu ya kabati, bomba langu zuri likiwa limeng'olewa.

Nilikuwa na safari ya Bweni. Pale kivukoni pantoni ilikuwa imeegeshwa, magari mawili na mkokoteni wa nazi vikiwa vimeshapanda, abiria wanajipepea. Dereva hakuwemo. Nilimwona kwenye kibanda cha mama ntilie, kikombe mkononi, anaipuliza chai. Nikasimama ukingoni kuitazama pantoni, muda mrefu kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.