Mstari Unaobeba Paa

Kwenye kioo cha kompyuta boriti haina unene. Ni mstari tu, mwembamba kama uzi wa mwashi, unaotoka kifundo kimoja hadi kingine. Nguzo nayo ni mstari, na jengo la ghorofa nne laweza kuonekana kama tenga ambalo mfumaji ameliacha katikati ya kazi. Mgeni akichungulia huuliza, "Hii ndiyo mnaita uhandisi?" Ndiyo, na kwangu hakuna kazi ya kukaa kitini inayodai ukweli kuliko hii.

Mstari huo umebeba mengi. Kila ncha yake yaweza kusogea pande tatu na kuzunguka kwa namna tatu. Ncha mbili, basi, ni miondoko kumi na miwili, na programu huifunga pamoja kwa jedwali la namba 144 linaloeleza jinsi kipande hicho kinavyogoma kupinda, kuvutika na kupotoka. Elimu ya kupinda kwake ni urithi wa Euler na Bernoulli wa karne ya 18. Timoshenko akaiongezea athari ya mkato mwaka 1921. Jina la mbinu yenyewe, elementi finiti, alilitoa Ray Clough wa Berkeley mwaka 1960. Kompyuta huunganisha majedwali ya vipande vyote yakawa jedwali moja kubwa, kisha hulifumbua kabla hujamaliza kupiga chafya. Kwa hiyo hesabu si kazi tena. Kazi ni kuiambia mashine jengo likoje.

Nilijifunza hilo kwa boriti moja ya chuma ya umbo la I, aina ya IPE 200, yenye urefu wa mita 6, ikiegemea ncha mbili. Mzigo ulikuwa kilonewton 5 kwa kila mita, uzito wake wenyewe ukiwa ndani. Kwa penseli boriti hiyo hunepa milimita 21 hivi katikati. Programu ikaniletea 283. Nikakagua mzigo, nikakagua chuma, sikuona kosa, kwani mstari ni mstari. Nilipoiamuru ichore maumbo halisi ndipo nilipoiona boriti yangu: imelala ubavu, mbawa zake zimesimama kama kuta za mfereji. Kwa upande ule ugumu wake wa kupinda ni pungufu karibu mara 14. Fundi wa kupaua, ambaye hajawahi kusikia jina la Euler, hailazi mbao yake ya mbili kwa nne. Huisimamisha, maana mkono wake unajua. Mkono wangu ulikuwa kwenye kipanya, na kipanya hakijui lolote.

Kisha kuna maungio, na hapo ndipo penye utamu na hatari. Boriti ileile, ncha zake zikihesabiwa kuwa zimekazwa kabisa, hunepa milimita 4 tu. Umebonyeza mara moja, ukapata boriti ngumu mara tano bila kununua hata kilo moja ya chuma! Lakini hisani hiyo ina mlipaji. Mkunjo wa kilonewton-mita 15 umehamia kila ncha, na nguzo ndiyo itakayoubeba, itake isitake. Tena lazima uulize: kule kiwandani ncha hiyo imekazwa kweli? Bolti mbili kwenye kipande kidogo cha pembe ni bawaba, hata ukiziita jina gani. Bamba nene lililochomelewa juu na chini ni jambo jingine. Jibu haliko kwenye programu. Liko kwenye michoro ya maungio, na kwa yule fundi anayejua spana yake inafika wapi na haifiki wapi.

Mjini Hartford, Connecticut, nchini Marekani, paa la ukumbi wa michezo lenye ukubwa wa takriban mita 91 kwa 110 lilisanifiwa kwa kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwenye hesabu, vyuma vya juu vilichukuliwa kuwa vimeshikwa katikati visipinde. Kwenye paa lenyewe, vile vya pembezoni havikushikwa sawasawa. Chuma kikatoa taarifa mapema: paa lilipounganishwa, lilipimwa likakutwa linanepa karibu mara mbili ya ilivyotabiriwa. Likaonekana jambo la kawaida. Mdharau mwiba mguu huota tende. Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, theluji ikiwa juu, paa lote lilianguka, saa chache tu baada ya maelfu ya watazamaji wa mpira wa kikapu kwenda makwao. Hakuna aliyeumia. Kompyuta ilikuwa imekokotoa vizuri kabisa. Paa ililolikokotoa ndilo ambalo halikujengwa.

Ndiyo maana naisifu kazi hii pale inapoonekana ya kuchosha. Naisifu saa ambayo mtu anajumlisha nguvu za maegemeo yote kuona kama zinalingana na mizigo aliyoiweka: kwa boriti yangu, 15 huku na 15 kule, jumla 30. Naisifu dakika anayoitumia kutazama umbo la kunepa na kujiuliza kama chuma cha kweli kingekaa hivyo. Rangi nyekundu na buluu za kioo humpendeza mwenye mradi. Mjuzi hutafuta kwanza mahali alipoidanganya mashine.

Nawe unayeanza, kabla hujabonyeza kitufe cha kukokotoa, andika pembeni ya karatasi namba unayoitarajia. Programu ikileta nyingine, usiamini yoyote kati ya hizo mbili hadi ujue kwa nini zimeachana.