Letusi ya Kirumi na Mche Unaochelewa

Hapana liniudhilo katika bustani za nyumbani kama kuwasikia watu wenye hishima zao wakiimwagia sifa letusi ya Kirumi kwa sababu tu imetanuka kama sinia, ilhali majani yamelegea, moyo hauna, na shina limekwisha anza kupaa. Letusi ya asili yenye nasaba husimama wima, jani likikumbatia jani, kama ilivyochongwa katika kuta za mahekalu ya Misri ya kale, kando ya mungu wao Min. Hata ile ya Austria yenye madoa mekundu, Forellenschluss, husifiwa kupita kiasi. Madoa hayafichi ukosefu wa moyo.

Ya kuatika si haja kuyarefusha: mbegu hunyunyizwa juujuu, kwani zataka mwanga, na kitalu hutiwa kivuli, maana joto la udongo likizidi nyuzi 30 aghalabu mbegu hulala zisiote. Samadi iwe ya mwaka jana. Maji ya alasiri siyakubali.

Lakini lisiloonwa na wapenzi wa bustani ni mche upi ulioachwa uzae. Mtu auonapo mmoja umewatangulia wenziwe kuchanua, hufurahi akavuna mbegu zake za mapema, asijue kwamba, kwa kuwa ua la letusi hujichavusha lenyewe na watoto hufuata tabia ya mama, amechagua haraka hiyo hiyo, na baada ya vizazi kadhaa atabaki na letusi chungu zisizofunga. Marehemu mzee mmoja wa Lushoto, fundi wa kweli, alichomeka kijiti kando ya kila mche uliofunga vizuri, kisha akangoja. Uliotangulia kuchanua aliung'oa, uwe na wajihi mzuri namna gani, na uliochelewa kuliko wote, japo tuta lilikuwa likitakiwa kwa kabichi, ndio aliouacha mpaka manyoya meupe yakatokeza juu ya mbegu. Zama zile mbegu ilikuwa amana baina ya majirani. Leo hununuliwa kwa uzuri wa picha ya pakiti.

Na wenye ghashi hawakosekani. Mchuuzi mmoja alikuwa akiyafunga majani kwa ugomba usiku kucha, alfajiri akayafungua, yakasimama muda wa kutosha kuuza moyo usiokuwapo. Huyo dawa yake kisu: ipasue letusi kwa urefu, na shina la ndani likizidi theluthi ya kichwa, mrudishie, hata akuapie.