Baiskeli Kongwe za Busia na Tororo

Baiskeli nyeusi ya chuma, ambayo Wakenya huiita "black mamba", ni chombo cha karne iliyopita kinachoendelea kuchapa kazi Busia na Tororo, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Umbo lake lilitoka Uingereza, nyumbani kwa kampuni ya Raleigh, iliyoanzishwa Nottingham katika miaka ya 1880. Kazi ya bodaboda ilizaliwa mpakani hapo katika miaka ya 1960 na 1970, vijana walipobeba abiria na mizigo kati ya vituo vya Kenya na Uganda. Pikipiki zimechukua abiria wengi, si wote.

Sifa kubwa iende kwa wanaozitunza. Gunia la mahindi likipakiwa kwenye keria, spoki hulegea na rimu hupinda. Fundi huigeuza baiskeli miguu juu, hulizungusha gurudumu polepole na kushika kijiti karibu na rimu, akitazama panapogusa. Kisha hukaza spoki za upande mmoja na kulegeza za upande wa pili, kidogo kidogo, mpaka gurudumu linyooke. Ni kazi ya jicho na mkono, na ni ustadi kamili. Gololi huoshwa kwa mafuta ya taa na kupakwa grisi mpya. Breki hutumia fito za chuma, hivyo hakuna waya wa kukatika njiani.

Busia pia wafanyabiashara wenye ulemavu huvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu. Wanaopanga barabara za mpakani wawatengee wote hawa njia yao.