Krismasi ya Ndugu Wawili: Sehemu Moja ya Tamthilia ya Supernatural

Kila ifikapo Desemba tamthilia za televisheni za hapa Marekani hutoa sehemu maalumu ya Krismasi. Nyingi huwa tamu kupita kiasi: theluji inaanguka, waliogombana wanapatana, na baba aliyechelewa kazini anafika mlangoni dakika ya mwisho akiwa amebeba maboksi. Tumezitazama nyingi na kuzisahau nyingi. Moja hatujaisahau, nayo inatoka mahali ambapo mtu hatarajii kukuta sikukuu, yaani kwenye tamthilia ya mapepo na mazimwi iitwayo Supernatural.

Sehemu hiyo inaitwa "A Very Supernatural Christmas". Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Desemba 2007, ikiwa ya nane katika msimu wa tatu. Iliandikwa na Jeremy Carver na kuongozwa na J. Miller Tobin. Tamthilia yenyewe, iliyobuniwa na Eric Kripke, ilianza mwaka 2005 na kumalizika mwaka 2020 baada ya misimu 15 na sehemu 327. Katika mlima wote huo, hii ndiyo tungempa mtu asiyewahi kuitazama tamthilia hiyo, na hapa tungependa kueleza kwa nini.

Kwa wasioifahamu, Dean na Sam Winchester ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao aliuawa na pepo mwaka 1983, Sam akiwa mtoto mchanga. Baba yao, John, akageuka mwindaji wa viumbe wa giza na kuwahamisha watoto wake kutoka moteli moja hadi nyingine. Walipokua wakairithi kazi hiyo. Mwishoni mwa msimu wa pili Sam aliuawa, na Dean akaenda njia panda kufanya biashara na shetani: roho yake kwa uhai wa mdogo wake, malipo baada ya mwaka mmoja. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kwa nini ni njia panda. Kwetu pia ndipo vitu vya uganga vinapoachwa. Basi Krismasi hii huenda ikawa ya mwisho kwa Dean. Yeye anataka isherehekewe, kwa mti na kila kitu. Sam hataki hata kuisikia.

Wakati huo wamo Ypsilanti, Michigan, wakichunguza habari za watu wanaovutwa kupitia dohani na kupotea. Uchunguzi unawafikisha kwa mume na mke wa makamo, Edward na Madge Carrigan. Nyumba yao imepambwa kuliko zote mtaani. Bibi anawakaribisha wageni kwa kashata za karanga alizopika mwenyewe, bwana amevaa sweta na ana kiko mdomoni. Kumbe hao ni miungu ya kale ya majira ya baridi, na wanaopotea ndio sadaka yao. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawa wanamjua kila mtu mtaani, na wanamla mtu akakwisha, wakabakiza mifupa kwenye chumba cha chini ya nyumba.

Hapa ndipo sisi tunaoishi ugenini tunapaswa kutega sikio. Akina Carrigan wanajieleza kwa maneno ambayo tumeyasikia katika semina nyingi za wahamiaji. Zamani walitolewa sadaka nyingi; ilipokuja dini ya Kristo watu wakawasahau. Wakaamua kujichanganya na wenyeji: wakatafuta kazi, wakachukua mkopo wa nyumba, wakajifunza kucheza karata na majirani katika siku maalumu za wiki. Wanajisifu kuwa sasa wako sawa na kila mtu. Katikati ya tambiko lao la damu kengele ya mlango inalia, na jirani anawaletea keki na kuwaalika kwenda kuimba nyimbo za Krismasi. Wanapokea keki kwa tabasamu, wanafunga mlango, na kurudi kwenye visu.

Mtu anaweza kuicheka tu sehemu hii, na tumeicheka. Lakini mwandishi ameuliza swali ambalo si la mzaha: je, kufanana na majirani kunathibitisha nini kuhusu kilichomo ndani ya nyumba? Akina Carrigan wana taa, mti, mashada ya majani na lugha safi isiyo na matusi. Madge anamkemea Dean kwa tusi alilolitoa, huku yeye mwenyewe ndiye aliyetoka kumkata mkono kwa kisu. Wana kila alama ya sikukuu, lakini sikukuu yenyewe hawana. Upande wa pili wapo vijana wawili katika chumba cha kupanga, bila mti, bila mama, bila baba, na mmoja wao anahesabu miezi. Tamthilia inauliza ni nyumba ipi kati ya hizo mbili ina Krismasi, na haikimbilii kujibu.

Sisi tuliosomea uhandisi tuna kawaida ya kutazama uzito umekaa juu ya nini. Katika sehemu hii uzito haujakaa juu ya miungu. Umebebwa na hadithi ya pili inayopitishwa katikati ya ile ya kwanza, mithili ya boriti iliyofichwa na chokaa. Ni mkesha wa Krismasi mwaka 1991, katika mji mdogo wa Broken Bow, Nebraska. Dean ana miaka 12 na Sam 8. Wako moteli peke yao, baba kaenda kuwinda. Sam ameficha zawadi ya baba, kidani alichopewa na Bobby, rafiki wa familia. Anauliza baba anafanya kazi gani hasa. Dean anakwepa. Ndipo Sam anatoa daftari la baba, ambalo amekwisha kulisoma, na kuuliza kama mazimwi yapo kweli.

Dean anakiri. Kinachofuata ni mazungumzo bora kuliko yote katika msimu ule. Sam anasema baba alimwambia kwamba chini ya kitanda chake hakuna zimwi. Dean anamjibu kuwa baba alisema hivyo kwa sababu alikuwa amekwisha kuchungulia. Ni jibu la kitoto, na hapohapo ni jibu la mtu mzima anayejaribu kulinda asichoweza kulinda. Mtoto wa miaka 8 anapiga hesabu yake mara moja: kama yalimpata mama, yanaweza kumpata baba, na kama yanaweza kumpata baba, yanaweza kutupata sisi. Mkubwa hana hoja ya kuivunja hesabu hiyo. Anamwambia tu alale, asubuhi mambo yatakuwa mazuri.

Asubuhi kuna mti na zawadi. Dean anadai baba alikuja usiku akaondoka. Sam anafungua na kukuta mwanasesere wa Barbie na fimbo ya mapambo ya kuchezea wasichana. Dean ameiba katika nyumba ya jirani bila kujua kilichomo. Uongo unaanguka. Sam hapigi kelele. Anachukua kile kidani alichomwekea baba na kumpa kaka yake.

Tunaitazama hukumu hii kwa heshima kubwa. Wapo wanaosema tamthilia hii inamsamehe John Winchester kirahisi mno, na katika sehemu nyingine madai hayo yana msingi. Hapa hapana. Baba hajatukanwa wala kusemwa kwa hotuba. Zawadi yake tu imebadilishwa mpokeaji. Mtoto ameangalia nani alikuwepo na nani hakuwepo, akaamua. Kwetu wazazi wa ughaibuni hilo linauma, na linapaswa kuuma. Wangapi kati yetu tumefanya kazi usiku wa Krismasi au siku ya Idi kwa sababu malipo ya sikukuu ni makubwa, na mtoto mkubwa akabaki kuwapakulia wadogo zake? Tunawaambia tunafanya haya kwa ajili yao, na ni kweli. John naye angesema hivyo, na ingekuwa kweli. Watoto wetu pia husoma daftari la baba: barua ya uhamiaji iliyoachwa mezani, simu ya usiku kutoka nyumbani iliyojibiwa kwa sauti ya chini. Wanauliza swali moja tu, wakati tayari wanalijua jibu. Sehemu hii inatukumbusha kwamba ukweli ukicheleweshwa mno, mtoto ataupata mwenyewe, na atakumbuka aliupata akiwa na nani.

Si kwamba kazi hii haina kasoro. Ya kwanza ni damu. Kuna kucha inayong'olewa mbele ya kamera bila sababu ya lazima, na wenye watoto wadogo wasiwaweke sebuleni. Ya pili ni elimu yake ya historia. Sam anamweleza Dean kwamba karibu kila desturi ya Krismasi ni mabaki ya ibada za kale, hata nguo nyekundu za Santa. Hapo mwandishi amechanganya mambo. Tarehe 25 Desemba inaonekana katika kumbukumbu ya Kirumi ya mwaka 354, na wataalamu bado wanabishana kwa nini ilichaguliwa. Mti uliopambwa unajulikana katika nchi za Wajerumani tangu karne ya 16, muda mrefu baada ya nchi hizo kuwa za Kikristo. Nguo nyekundu zimeenezwa zaidi na wachoraji wa magazeti ya Marekani wa karne ya 19, kama Thomas Nast, kisha na matangazo ya Coca-Cola kuanzia mwaka 1931. Hadithi ya kubuni ina ruhusa ya kubuni miungu. Lakini inapomvalisha Sam joho la mwanachuoni, tuna haki ya kumsahihisha.

Hata hivyo kasoro hizo hazifiki kwenye ile boriti. Miungu inauawa kwa matawi yaliyovunjwa kwenye mti wao wenyewe wa Krismasi, na hadithi inaingia mahali ilipokuwa ikielekea tangu mwanzo. Mapema Sam alikuwa amesema sababu yake halisi: hawezi kukaa na kunywa akijifanya yote ni heri, wakati anajua Krismasi ijayo kaka yake atakuwa amekufa. Sasa Dean anarudi chumbani na kukuta mdogo wake amepamba. Kuna mti mdogo wenye taa, na kinywaji cha maziwa na mayai kilichotiwa pombe kali. Wanapeana zawadi, zote zimenunuliwa kituo cha petroli. Dean anapata oili ya gari na chokoleti. Sam anapata sabuni ya kunyolea ndevu na majarida yasiyofaa kuwekwa mezani. Wanafurahi kwelikweli. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo hatujaiona ikitafsiriwa kwa picha vizuri kuliko hapa.

Kisha Sam anaita jina la kaka yake. Dean anaitika. Tunajua anachotaka kusema, na Dean anajua. Sam anamuuliza kama angependa kutazama mpira. Dean anakubali. Kamera inatoka nje, gari lao liko kwenye theluji, na wao wawili wanaonekana dirishani. Mwandishi dhaifu angewapa machozi na hotuba. Huyu amejua kwamba pale msiba unapokuwa bado njiani, upendo mara nyingi huja kama swali dogo kuhusu mpira.

Watakaoendelea na tamthilia hiyo watakuja kuona Dean akikitupa kile kidani kwenye pipa la taka, katika sehemu moja ya mwaka 2010, na wataelewa uzito wa kitendo hicho kwa sababu ya asubuhi ile ya Nebraska. Kwa wasomaji wetu ambao Krismasi si sikukuu yao, tunasema itazameni vilevile, maana jambo lililomo ndani yake linafika katika kila Idi inayosherehekewa mbali na nyumbani. Kwa wasomaji wenye zamu mkesha huo, ombi letu ni dogo: kabla ya kutoka, mwambieni mtoto mkubwa ukweli wa mahali mnakokwenda na saa mtakayorudi, kisha rudini saa hiyo.