Masafa na Maudhui: Mipaka ya Udhibiti wa Utangazaji Rwanda, 1992–2015

Husemwa kwamba udhibiti wa utangazaji Rwanda umehama kutoka mikononi mwa dola hadi kwa wanahabari wenyewe. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Televisheni ilianzishwa mwaka 1992 chini ya ORINFOR, ofisi ya habari ya serikali. Mwaka uliofuata ikaja redio ya RTLM, ambayo uchochezi wake katika mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi unatosha kuonyesha kuwa udhibiti haukuwa anasa. Sheria ya 2013 ilikabidhi maadili ya uandishi kwa chombo cha wanahabari, yaani Kamisheni ya Vyombo vya Habari (RMC), ilhali leseni na masafa vilibaki kwa mamlaka ya RURA.

Mpaka huo ulipimwa Oktoba 2014. Filamu iliyoonyeshwa na BBC Two nchini Uingereza ilishutumiwa kwa kupotosha historia ya mauaji hayo. RURA ikasimamisha matangazo ya redio ya BBC kwa Kinyarwanda. Shutuma ilikuwa nzito, lakini ilihusu maudhui ya televisheni, na adhabu ikaangukia masafa ya redio. Mei 2015 usimamishaji ukawa wa muda usiojulikana. Mwezi huohuo Fred Muvunyi, mwenyekiti wa RMC, alijiuzulu.

Kwa hiyo, anayeshika masafa ndiye anayeshika maudhui. Kujidhibiti kutakuwa na maana iwapo tu sheria itamzuia mtoa leseni kuzima matangazo kabla ya uamuzi wa maandishi unaoweza kukatiwa rufaa mahakamani.