"Kufunga" na "Kufungua" katika Mwongozo wa Pikipiki

Tumepata kuusoma mswada wa tafsiri ya mwongozo wa matengenezo ya pikipiki, uliotayarishwa kwa ajili ya watumishi wanaofanya kazi mbali na gereji: bwana shamba, mganga wa zahanati, mkaguzi wa shule. Pikipiki zenyewe ni Honda za miaka ya 1970, ambazo umeme wa kuzalisha cheche hukatwa na kontakti. Si hizi za siku hizi ambazo kazi hiyo hufanywa na kifaa cha elektroniki kisichohitaji kurekebishwa. Hatutamtaja mfasiri wala ofisi iliyompa kazi. Kiswahili chake ni kizuri, na katika sura za matairi, breki na mnyororo hatukuona la kumlaumu. Tatizo limo katika sura moja tu, ile ya kutafuta kasoro pikipiki inapokataa kuwaka. Lakini hiyo ndiyo sura ambayo msomaji ataitafuta akiwa peke yake njiani, jua linatua, na chanjo zimo ndani ya mfuko.

Kabla ya kuyahukumu maneno, yafaa tuikumbuke kazi yenyewe. Umeme wa betri, volti 6 au 12, hupita katika waya mnene uliozungushwa ndani ya koili, kisha ukafika kwenye kontakti, yaani vipande viwili vidogo vya metali. Vipande hivyo vikigusana, umeme hupita na koili hujaa nguvu ya sumaku. Injini ikizunguka, nundu iliyo kwenye mhimili huvitenganisha. Papo hapo nguvu ile ya sumaku huanguka, na katika waya mwembamba wa koili hiyo hiyo huzuka umeme wa maelfu ya volti, ambao huruka kwenye mwanya wa plagi ukawa cheche. Basi cheche haizaliwi vipande vinapogusana, bali vinapoachana. Mwongozo usiolieleza jambo hili bila utata hauwezi kumsaidia mtu.

Sasa tuutazame mswada. Msomaji anaambiwa: "Zungusha injini, fungua kontakti kabisa, kisha pima nafasi." Mfasiri alikusudia kwamba vipande viachane kwa kadiri ya mwisho wa kuachana kwake. Lakini fundi wa Kiswahili, asikiapo "fungua", hushika bisibisi. Kufungua injini ni kuitoa sehemu moja moja. Kufungua gurudumu ni kulitoa. Kwa hiyo msomaji mtiifu atazilegeza skrubu, atazitoa kontakti, ataziweka juu ya kitambaa, kisha atashangaa anaambiwa apime nafasi ya nini. Akizirudisha, mpango wa wakati wa cheche utakuwa umevurugika, na pikipiki iliyokuwa na uchafu kidogo tu kwenye kontakti sasa ina ugonjwa wa pili.

Ukurasa unaofuata una hatari zaidi: "Hakikisha kwamba swichi ya kuzimia injini imefungwa." Katika fizikia ya shuleni, swichi iliyofungwa ni ile inayopitisha umeme. Nyumbani ni kinyume chake. Tukifunga bomba, maji hukoma; tukifungulia redio, sauti hutoka. Mtu yeyote asiyekuwa na mchoro mbele yake ataelewa kwamba ameamriwa aizime swichi, naye ataizima, kisha atapiga kiki mpaka mguu ufe ganzi. Na asipoona cheche atafuata maagizo ya mswada mpaka mwisho wake, ambao ni kununua koili mpya.

Twajua walimu watatupinga. Watasema kwamba "sakiti imefungwa" ni usemi uliokwisha kuzoewa, na kwamba istilahi haipaswi kubadilika kila inapovuka mlango wa darasa. Hoja hiyo tunaiheshimu, wala hatusemi usemi huo ufutwe katika vitabu vya fizikia. Lakini mwanafunzi ana mchoro ubaoni na mwalimu wa kumsahihisha. Katika mwongozo wa matengenezo neno hilo lina jirani yake, "kufungua" la bisibisi na spana, ambalo haliwezi kuondolewa. Maneno mawili yanayopigania sentensi moja ni lazima moja lihame, na tunaona lihame lile la umeme. Kontakti na ziseme "zinagusana" na "zinaachana". Swichi na iseme "inapitisha" na "inakata". Kufunga na kufungua viachiwe nati na skrubu. Hakuna hata neno moja katika haya lililoundwa jana. Yote mfasiri alikuwa nayo kinywani.

Kosa la pili ni la asili tofauti, nalo twalionea huruma, kwa kuwa limetokana na ushauri wetu wenyewe. Mara nyingi tumewahimiza wafasiri waende gereji wakasikilize. Mfasiri huyu alikwenda, akasikia mafundi wakisema "hakuna moto", akauandika usemi huo kila mahali. Gereji husema "hakuna moto" kwa waya usiofikiwa na umeme wa betri na kwa plagi isiyotoa cheche pia, na hakuna anayepotea, maana fundi husema huku akionyesha kwa kidole. Kitabu hakina kidole. Kutafuta kasoro ni kutenganisha hali hizo mbili: ikiwa umeme wa betri haufiki kwenye koili, tazama ufunguo, swichi na nyaya, ikiwa unafika lakini cheche haipo, tazama kontakti, kondensa, koili, kofia ya plagi na plagi yenyewe. Neno moja likizifunika zote mbili, njia panda imefutwa. "Umeme" na "cheche" yanatosha.

Vivyo hivyo "washa". Mswada wasema: "Toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, ilaze juu ya metali ya injini mbali na tundu, kisha washa." Awashe nini? Hapo yatakiwa mambo mawili kwa zamu: azungushe ufunguo, kisha apige kiki. Twampongeza mfasiri kwa kukumbuka "mbali na tundu", kwani mvuke wa petroli hutokea hapo. Wafasiri wengine huyaruka maneno kama hayo wakidhani ni mapambo.

Kondensa imempata mkasa wake peke yake. Kifaa hiki kidogo huungwa sambamba na kontakti ili zinapoachana umeme usiruke baina yake na kuziunguza. Mfasiri alilitafuta neno hilo katika kamusi ya kemia, akaandika "kitonesha mvuke". Msomaji atatafuta maji ndani ya pikipiki. Na akikuta nyuso za kontakti zimeungua na kuwa nyeusi, dalili ambayo ingemwelekeza kwenye kondensa iliyokufa, hatakuwa na sababu ya kuzihusisha. "Kondensa" libaki kama lilivyo. "Kapasita" nalo linafaa, mradi litumike moja tu tangu mwanzo hadi mwisho.

Tusimnyime haki yake. Nafasi ya plagi, milimita 0.6 hadi 0.7, ameiita "mwanya", si "pengo". Pengo hubaki jino linapong'oka. Mwanya mtu huzaliwa nao. Mwenye kusoma hivyo hatadhani plagi imevunjika. Lakini kwenye kontakti, ambako kipimo ni milimita 0.3 hadi 0.4, ameliacha neno hilo zuri akarudi kwenye "nafasi", bila sababu tuliyoiona.

Limebaki dogo ambalo lilituchekesha kwanza, kisha likatutia wasiwasi. Kwenye gurudumu la sumaku mna alama T, ya pistoni kufika juu kabisa, na alama F, ya wakati wa cheche: kontakti zianze kuachana F inapolingana na alama ya kwenye gamba la injini. Mfasiri ameitafsiri F kuwa M, kwa "moto". Lakini herufi ile imechongwa kwenye chuma, na chuma hakikutafsiriwa.

Mswada tumeurudisha. Tumeomba kwamba sura hii, ikishaandikwa upya, asomewe mtumishi mmoja asiyekuwa fundi, mbele ya pikipiki ambayo waya wa kondensa umechomolewa bila yeye kujua, na msomaji asiruhusiwe kunyosha kidole. Mahali atakaposita paandikwe pembeni. Na F irudishwe kabla ya siku hiyo.